Barua kwa mwanangu: Neno "number" na manamba wa Tanga

Zuhura mwanangu,

Marahaba. Huku Ngamiani hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini mkuu wako alikusahihisha ulipoandika "the number of workers have", na kwa nini "number" hufupishwa "No." wakati neno lenyewe halina o.

Shika Kiswahili, kitakuongoza. "A number of workers" ni wafanyakazi kadhaa: wanaotajwa ni watu, kitenzi kiwe cha wingi. "The number of workers" ni idadi ya wafanyakazi, na idadi ni moja: imepanda au imeshuka. Sisi tuna maneno mawili kwa kazi hizo, Kiingereza kinazibebesha neno moja. Hata darasani kwangu, aliyeandika "idadi ya wanafunzi wameongezeka" nilimkata maksi.

Asili yake ni Kilatini, "numerus". Wafaransa wakalitamka "nombre". Ile b haikuwamo, imezaliwa mdomoni: tamka m kisha r upesi upesi, utaisikia b ikichomoza midomo inapoachana. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilimiminika humo, na neno hili likaingia. "No." haikupita Ufaransa. Imekatwa kwenye "numero" ya Kilatini chenyewe, ndiyo maana imebaki na o yake.

Kwetu likawa namba. Na kwenye mashamba ya mkonge, namba ikazaa manamba. Ulipokuwa mdogo uliwasikia watu wakimwita babu yako manamba, ukadhani ni kabila. Babu ni Mngoni wa Songea. Aliletwa Muheza kukata mkonge kama maelfu ya wenzake waliotoka mikoa ya mbali, na akishafika, mtu alijulikana kwa namba aliyopewa. Aliniambia kuwa siku ya mshahara ilipotajwa namba yake alisimama na kuitikia "naam", kama mtu aliyeitwa kwa jina la babaye. Hilo liliniuma kuliko habari za miiba ya mkonge. Kuhesabu watu si kosa, kila tajiri huhesabu wafanyakazi wake. Ila mzee wangu alikuwa na jina, na neno la kuhesabia likalikalia mahali pake.

Kipande chake kimoja, yaani kadi yake ya kazi, ninacho, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Kina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi, na mtu hakulipwa mpaka vyote vijae. Kwenye hiki, vyumba 26 vina alama ya mnyapara kwa penseli, vinne ni vyeupe. Sikupata kumuuliza siku hizo nne zilikwendaje. Juu kabisa pana namba, imeandikwa kwa wino, mwandiko safi. Jina lililo chini yake limekosewa.

Ukija Idi nitakupa ukitunze wewe.

Baba yako