Zabibu za Dodoma: pa kuanzia

Ndugu yangu, umeuliza siku mbili Dodoma zinatosha kuyajua mashamba ya zabibu na mvinyo wake. Zinatosha, ukichagua msimu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: kwanza mwezi wa 2 hadi wa 3, kisha wa 8 hadi wa 9. Mimi ningekuja Agosti. Barabara za mashambani huwa kavu na zabibu huwa tamu sana, maana jua ni kali na mvua hamna.

Siku ya kwanza nenda Hombolo, kwenye mashamba na viwanda vya mvinyo. Piga simu kabla, usitokee tu getini. Ya pili shika njia ya Iringa hadi Mpunguzi, ukipitia Bihawana, kwenye misheni ya Wakatoliki inayotajwa kila inaposimuliwa mizabibu ilivyofika Ugogoni. Hapo tafuta mkulima mdogo, umsikilize taratibu. Atakueleza kupogoa, ukungu wa majani, na uchungu wa kuvuna kabla hujapata mnunuzi, kwani zabibu haisubiri.

Ukionja, anza na mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu aina ya Makutupora. Na tafadhali, nunua zabibu zako hukohuko shambani.