Umeniuliza kama vigae vinalisha mtu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa jikoni, changu wawili wakaungua. Unauliza uendelee na shahada ya pili ya akiolojia au ukasomee uhasibu kama anavyotaka mjomba wako. Unaniambia hata Uingereza kwenyewe mambo si mazuri, Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2021 kiliamua kuifunga idara yake ya akiolojia, sasa mtoto wa Kilwa atatokea wapi. Mjomba nitamjibu mwenyewe akija Ijumaa.

Mimi kazi hiyo niliiingilia jikoni, unajua. Nilivuka kwenda kisiwani kuwapikia wachimbaji, mwezi haujaisha nikapewa ndoo na mswaki nioshe vigae, vile vipande vya vyungu vya kale. Baada ya wiki kadhaa vidole vikawa vinajua kabla ya macho: hiki chenye mikato ya pembetatu shingoni ni cha kale sana, cha watu wa hapahapa, hiki cha kijani kinachoteleza kimekuja na jahazi. Tulilipwa kwa siku. Msimu ukiisha ndoo inarudi stoo, nasi tunarudi makwetu. Timu moja iliahidi kutuletea ripoti tuone tulichokichimba. Naisubiri hadi leo.

Kwa hiyo sikudanganyi. Huku kwetu akiolojia ni kazi ya msimu kama korosho. Nafasi za kudumu ni Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, vyuo vikuu, na baada ya hapo unaanza kuhesabu kwa shida. Hata magofu yetu siku hizi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, watu tuliozoea kuwaona wakifukuza tembo mashambani. (Sina ugomvi nao, njia zimefyekwa vizuri.) Ukikaa kusubiri tangazo la ajira, mjomba atakuwa ameshinda.

Lakini kazi haijafa, imehama. Siku hizi iko mbele ya greda. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kujengwa, na mambo ya kale hutazamwa humo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443. Hebu fikiria makaburi, tanuri za kuyeyushia chuma na mahame mangapi yanaweza kulala chini ya mstari mrefu hivyo. Lazima mtu apite kwanza kwa miguu.

Najua chuoni mnaiona hiyo kazi ya kutafutia hela tu, si elimu. Basi kumbuka Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 2015 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakwenda pale kutafuta sifa. Palikuwa na mpango wa kujenga makumbusho, wao wakachimba vishimo vya majaribio kuangalia ujenzi usije ukaharibu kitu. Humo ndani wakakuta nyayo nyingine za viumbe wa jamii ya binadamu, za miaka milioni 3.66, si mbali na zile walizozigundua akina Mary Leakey. Wangesema eneo ni salama bila kuchimba, leo zingekuwa chini ya zege.

Na hapo ndipo penye hatari ya kazi hii, zaidi ya njaa. Anayekulipa ni mwenye mradi, na mwenye mradi hufurahi ukimwandikia kwamba hukuona kitu. Utajaribiwa. Sitakuwa karibu kukukonyeza.

Ukisoma, usisome ya jumla. Shika ufundi mmoja ambao mtu atakutafuta kwa ajili yake: mifupa, au ramani za kompyuta na droni, au maabara. Maabara ndiyo inayoniuma. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wa miji ya pwani ya kati ya 1250 na 1800 na wa mji mmoja wa bara, na wengine walikuwa wa kwetu hapa, Kilwa na Songo Mnara. Ikaonekana kwa wengi wa pwani upande wa kike ni Waafrika, na upande wa kiume wengi wana asili ya Uajemi. Ubishi wa Ushirazi, yaani kama wahenga wetu walitoka Uajemi, ambao wazee wetu na maprofesa wamegombana nao miaka na miaka, umepata mwanga mkubwa, na kiongozi mmojawapo ni Mkenya, Chapurukha Kusimba. Lakini mifupa ilisafiri hadi Marekani kwenda kusomwa. Nataka siku moja isomwe huku, na anayeisoma awe wewe.

Halafu kuna Kamoya Kimeu wa Kenya. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto karibu na Ziwa Turkana, akawa ameipata mifupa ya kale ya yule kijana wa Turkana anayejulikana dunia nzima. Udaktari wa heshima alipewa 2021, mwaka uliofuata akafariki. Jicho alikuwa nalo tangu ujana. Cheti kilichelewa miaka karibu arobaini. Wewe jicho ulilipata kwangu ukiwa na miaka sita, ulipokuwa unanipangia vigae kwenye mkeka. Cheti kifuate mapema.

Ada nitatoa nusu. Nusu nyingine tafuta mwenyewe, hata kwa kazi za kukagua njia za barabara wakati wa likizo, utajifunza. Uhasibu kajifunze wa miezi mitatu, uweze kuandika bajeti ya mradi bila kuibiwa. Hapo mjomba naye atakuwa amesikilizwa.

Juzi bahari ilikula tena ukingo upande wa ngome ya Gereza. Nimeona shingo ya chungu imetokeza kwenye udongo, na mikato yake ya pembetatu. Sikuigusa. Nimeweka mawe matatu juu yake, lakini bamvua lijalo sijui kama litayaacha. Ukipata basi la Alhamisi utawahi.

Mama yako