Maswali ya Linux wiki hii: amri hujaisoma, usiibandike

Habari za wiki wadau, huku Mwanza mvua imetushika na maswali yamejaa. Nimechukua machache ambayo naona yatasaidia wengi. Ila kabla sijaanza, wewe uliyeandika "bro nimeweka programu inakataa, nisaidie fasta", sina cha kukujibu. Programu gani, Linux gani (Ubuntu, Mint au nyingine), terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, imesema nini? Nimeshaomba hili mara nyingi sana: nakili maneno ya kosa yote kama yalivyo ulete, mana nusu ya majibu yamo mle mle.

Nikiandika sudo apt install vlc inasema Unable to locate package. Shida nini?

Apt ndo inayokuwekea programu, na sudo inaipa nguvu za msimamizi wa mashine. Andika sudo apt update kwanza ili orodha yake ya programu iwe mpya, halafu rudia. Ikikataa tena angalia herufi.

Kaka mimi nikifanya hiyo update napata 404 Not Found mistari kama ishirini. Laptopu niliwekewa Ubuntu na fundi mjini, ni 23.10.

Basi intaneti yako haina kosa. Ubuntu zinazotoka katikati kama hiyo 23.10 zinahudumiwa miezi 9 tu, yako iliisha Julai 2024 na vifurushi vyake, yaani mafaili ya programu, vikahamishiwa kwenye hazina ya matoleo ya zamani, ndo mana apt inagonga mlango inakuta nyumba tupu. Tunza mafaili yako nje, weka 24.04 upya, hiyo ni LTS, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu, hadi 2029. Na hapa niseme kitu kinaniuma, mafundi wengi wanawawekea watu chochote kilichopo kwenye fleshi yao, mteja anaondoka kafurahi, miezi miwili mbele hapati hata viraka vya usalama na wala hajui. Ukipeleka mashine kwa fundi uliza toleo gani na linaisha lini, akishindwa kujibu chukua mashine yako uondoke.

Inaniambia Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. Nimeona video wanasema futa hilo faili kwa rm. Ni sawa?

Si sawa, na hili swali limekuja mara nne mwezi huu. Lile faili lipo muda wote, hata sasa hivi kwenye mashine isiyo na tatizo lipo. Kinachozuia ni programu nyingine iliyolishikilia, na mara nyingi ni apdeti za usalama zinazojifanyia zenyewe ukiwasha tu kompyuta. Ukilifuta unaruhusu programu mbili ziandike kwenye daftari moja la vifurushi, lile linalotunzwa na dpkg, kwa wakati mmoja, hapo ndo unalivuruga kweli. Subiri dakika kumi, kanywe chai. Ukiwa na haraka andika ps aux | grep apt uone nani anafanya kazi, ila mwache amalize.

Umeme ukikatika katikati hiyo ni habari nyingine. Kuna mwalimu mmoja Igoma, laptopu yake betri ilishakufa inaishi kwa chaja tu, umeme ukaondoka wakati apt upgrade inafungua kifurushi cha kerneli, yaani kiini cha mfumo. Uliporudi kila anachoweka kinakataa, akatafuta mtandaoni, mmoja anamwambia futa lock, mwingine anamwambia futa folda zima la /var/lib/dpkg/info. Bahati nzuri alinipigia kabla hajafika kwenye hilo la pili. Nikamwambia nisomee kilichoandikwa, akasoma taratibu, dpkg was interrupted, you must manually run sudo dpkg --configure -a. Nikamwambia mwalimu, dawa umeshaisoma mwenyewe. Akaiandika, mistari ya Setting up ikaanza kushuka mmoja mmoja, baada ya hapo sudo apt -f install, mashine ikapona. Kwa hiyo kama betri yako imekufa usifanye upgrade kubwa wingu likiwa limekaa juu ya ziwa, unajua kabisa umeme wetu ukoje mvua ikinyesha.

Shikamoo mwalimu, nasoma chuo huku Nyegezi. Nikiandika pip install pandas inaleta externally-managed-environment. Jamaa kaniambia nimalizie na --break-system-packages.

Marahaba mdogo wangu, usithubutu. Lisome hilo neno linavyojieleza, unaiambia kompyuta ivunje vifurushi vya mfumo na yenyewe itatii. Programu nyingi za Ubuntu zenyewe zimeandikwa kwa lugha ya Python na zinategemea matoleo yaliyoletwa na apt, pip, ambayo inashusha vifurushi vya Python kutoka mtandaoni, ikiingiza lake juu yake siku moja unakuta kitu ambacho hujakigusa hakifunguki. Ndo mana Debian 12 (Debian ni Linux ambayo Ubuntu imejengwa juu yake) na Ubuntu 23.04, zote za 2023, zikaanza kukataa. Fanya hivi: kama sudo apt install python3-pandas inakutosha, ishia hapo. Kama unataka toleo jipya, weka python3-venv, inayokutengea chumba chako cha Python, kisha python3 -m venv ~/darasa, kisha source ~/darasa/bin/activate, sasa pip install chochote utakacho. Ukiharibu unafuta folda la darasa unaanza upya, mfumo haujaguswa. Na sudo pip usiitumie kabisa.

Linux ipi nzuri kuliko zote?

Mint kwa anayeanza. Tusirudie tena hili.

Niko Sengerema, bando langu dogo. Rafiki yangu ana intaneti ya ofisini, naweza kubeba programu kwa fleshi kutoka kwake?

Unaweza, na nafurahi umeuliza mana huku kwetu ndo njia ya watu wengi. Masharti: Linux yake na yako ziwe toleo moja, 24.04 kwa 24.04, na aina moja ya prosesa. Kwake aandike sudo apt-get install --download-only libreoffice, mafaili ya .deb yatakaa kwenye /var/cache/apt/archives. Atumie apt-get, mana ile apt fupi ikishamaliza kuweka programu inafuta ilivyoshusha. Watu wanapokwama ni hapa: apt inashusha vile tu ambavyo mashine YAKE haina. Kama yeye alishaweka kifurushi fulani zamani, hakitaingia kwenye fleshi, ukifika Sengerema unaambiwa kuna kitegemezi hakipo na umeshapanda gari bure. Dawa ni kutumia apt-offline: inaandika orodha ya mahitaji ya mashine YAKO kwenye faili dogo, unalipeleka mjini, vinashushwa vile vile unavyohitaji, unarudi navyo. Yenyewe iweke kwanza kwa bando lako, ni ndogo.

Nipo Nansio, nina Windows na Mint pamoja. Nikitoka Mint nikiingia Windows saa inarudi nyuma masaa matatu kamili.

Masaa matatu ndo tofauti ya Tanzania na UTC, saa ya kimataifa. Linux inaandika UTC kwenye saa ya ndani ya mashine, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Upande wa Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, imeisha.

Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni. Faili la mahesabu lilikataa kuseviwa, nikaambiwa niandike sudo chmod -R 777 /, sasa sudo yenyewe inasema must be owned by uid 0 and have the setuid bit set.

Pole sana ndugu yangu, aliyekupa hiyo amri kakuumiza. Ile alama ya mwisho, /, maana yake kompyuta nzima, umefungua milango yote na hapo hapo umeifuta alama maalumu inayoipa sudo nguvu zake. Kurudisha faili moja moja haiwezekani kwa akili ya kawaida, utaweka mfumo upya. Ulichohitaji kilikuwa kidogo tu, sudo chown -R $USER ~/Mahesabu, yaani hilo folda moja liwe mali yako. Mahesabu yenyewe hayajapotea. Washa mashine kwa fleshi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kuweka, fungua diski yako, nakili folda la Mahesabu kwenye fleshi nyingine, lifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine uhakikishe namba zinasomeka. Hapo ndo ufute.