Juisi ya mapera haitoshi kutibu vidonda vya tumbo

Dada wa Kisumu, unauliza kama juisi ya mapera na unga wa mlonge ulionunua soko la Kibuye vitaponya vidonda uachane na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Usiiache kiholela. Antioksidanti (viini vinavyokinga seli) za mapera, managu na sukuma huenda zikasaidia kulinda utando wa tumbo, lakini kumaliza bakteria wa H. pylori haziwezi, na huyo, pamoja na dawa za maumivu kama diclofenac, ndio visababishi vikuu. Pima choo kwanza kuona kama unaye bakteria huyo. Mwambie daktari unameza omeprazole, maana inaweza kuficha bakteria kwenye kipimo. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo. Bakteria akipatikana, maliza antibiotiki zote, mara nyingi siku 14, hata maumivu yakitulia mapema. Managu endelea kula. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, kimbia hospitali usiku huohuo.