Kufuli Linalinda Data: Majibu kwa Wanaoandika Msimbo wa Mtandao

Nimeweka kufuli kila mahali ninapoandika kwenye soketi (mlango wa programu kwenda mtandaoni), lakini kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, bado inaanguka mara moja moja. Nimekosea wapi?

Tazama wasomaji. Kufuli, yaani kibali cha mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja, linalinda data, si mistari ya msimbo, na anayesoma ili aamue jambo analihitaji sawa na anayeandika. Kosa la Linux lililopewa namba CVE-2016-8655 lilikuwa la aina hiyo. Liliingia mwaka 2011 kwenye soketi za pakiti, likagunduliwa 2016. Uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi ya programu) ulikuwa ukiandaa bafa, yaani eneo la kumbukumbu, ya kupokelea pakiti, na papo hapo mwingine ukabadilisha namba ya toleo la soketi ileile. Msimbo ulikagua kwanza kama bafa ipo, lakini ukaguzi huo ulifanyika nje ya kufuli. Katika upenyo huo mdogo toleo likageuka, na soketi ilipofungwa, kipima muda cha toleo la zamani hakikufutwa. Kikabaki kikielekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na mtumiaji wa kawaida akaweza kujipatia mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Tiba ilikuwa kukagua na kubadilisha chini ya kufuli moja la soketi, bila kuliachia katikati. Mimi huanza kutafuta hapo kila mara: kati ya "je, ipo?" na "basi fanya".

Mashine inaganda kabisa pakiti zikiwa nyingi. Natumia spinloki ya kawaida, yaani kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka tu bila kulala.

Prosesa imejifungia yenyewe. Msimbo wako umeshika kufuli, kazi ya kupokea pakiti ikakatiza kwenye prosesa hiyohiyo, nayo ikalitaka kufuli lilelile. Itazunguka milele, kwa kuwa mwenye kufuli hapewi tena nafasi ya kuliachia. Tumia spin_lock_bh, inayozuia kazi hiyo kukatiza ukiwa umeshika kufuli. Kama data inaguswa hata na kishughulikiaji cha ukatizaji wa kadi yenyewe, tumia spin_lock_irqsave, inayozuia hata ukatizaji huo.

Naruhusiwa kuomba kumbukumbu nikiwa nimeshika spinloki?

Kwa GFP_ATOMIC, alama ya ombi lisilosubiri, ndiyo. GFP_KERNEL, alama ya ombi la kawaida, inaweza kulala, yaani kuachia prosesa na kungoja, na mwenye spinloki haruhusiwi kulala. Ukiweza, omba kabla ya kufunga.

Si afadhali kufuli moja kubwa kwa kila kitu?

Linux ilikuwa nalo, likaondolewa kabisa katika toleo 2.6.39, mwaka 2011, kwa sababu prosesa nyingi zilikuwa zikipanga foleni bure. Jedwali la njia, linaloonyesha pakiti ielekezwe wapi, husomwa kwa pakiti nyingi mno, ila hubadilika kwa nadra. Hapo RCU (Read-Copy-Update) inafaa zaidi: msomaji hangoji, na mwandishi hutengeneza nakala mpya, hugeuza kielekezi, kisha husubiri wasomaji wa zamani wamalize ndipo aifute ya kale.

Nina makufuli mawili. Nitajuaje kama mpangilio wangu ni salama?

Yashike kwa mfuatano uleule kila mahali, kisha washa CONFIG_PROVE_LOCKING. Hiyo huwasha Lockdep, kikaguzi cha makufuli kilicho ndani ya kerneli. Lockdep, iliyoingia Linux mwaka 2006, hukumbuka mfuatano wa kila kufuli na hupiga kelele ukipinduliwa, hata kama mkwamo wenyewe haujatokea. Iwashe leo, kabla hujagusa mstari mwingine.