Ngoma Isimame Mbele

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza kama mpiga ngoma anaweza kusimama peke yake mbele ya okestra na kusikilizwa kama anavyosikilizwa mpiga fidla au mpiga piano, au kama mahali pake ni nyuma, akiwatunzia wenzake mwendo. Jibu langu ni kwamba anaweza, na ninalitoa nikiwa mtu niliyelelewa Chamwino, kwa bibi aliyepiga muheme tangu usichana wake hadi mikono ilipokataa.

Asiyeijua muheme ya Wagogo nimweleze kidogo. Ni ngoma ya wanawake. Mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja vitupu. Bibi alikuwa akiianika juani ili ngozi ikaze, kisha akiijaribu kwa ncha za vidole huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayenong'onezwa jambo na mtoto. Isipomridhisha aliirudisha juani, na sisi sote tukasubiri. Ngoma ilipoanza, wenzake walishikilia mapigo yasiyobadilika, naye akapita juu yao, akitoa sauti nzito katikati ya ngozi na sauti kavu ukingoni, na mara nyingine akinyamaza kwa makusudi mpaka watu wakainua vichwa kumtazama. Mmoja anaongoza, wengi wanamshikilia, na kila upande unamsikiliza mwenzake. Mpango huo hauko mbali na kile ambacho wanamuziki wa okestra hukiita konsheto.

Katika okestra zenyewe, nafasi hiyo ilichelewa kumfikia mpiga ngoma. Mfaransa Darius Milhaud alitunga konsheto ya mpiga ala za midundo mmoja na okestra ndogo kati ya mwaka 1929 na 1930, lakini kwa miaka mingi kazi za namna hiyo zilibaki chache. Aliyeipanua njia ni mpiga ala za midundo Evelyn Glennie wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake. Hupiga bila viatu ili mtetemo umfikie kupitia nyayo. Wengi hulitaja jambo hilo kama muujiza. Mimi halinishangazi, kwa kuwa bibi naye alijua kwa mapaja yake kwamba ngozi imelegea kabla masikio yetu hayajaligundua hilo.

Niliwahi kuambiwa na mwalimu mmoja wa kwaya, nilipoomba ngoma yetu isogezwe mbele ya kinanda, kwamba ngoma haina wimbo, ina kelele tu. Maneno yale yaliniuma, na nilikosa la kumjibu. Leo ningemwomba asikilize Veni, Veni, Emmanuel, konsheto ya mtunzi Mskoti James MacMillan, ambayo Glennie aliipiga kwa mara ya kwanza kwenye Royal Albert Hall, London, Agosti 1992. Imejengwa juu ya wimbo wa kale wa Majilio, kipindi cha Wakristo cha kuingojea Krismasi, na MacMillan aliianza katika Majilio ya mwaka 1991 akaimaliza siku ya Pasaka iliyofuata. Kwa muda wa kama dakika 25 mpigaji anahama kutoka kundi moja la ala hadi jingine, ngoma, vyuma, mbao na matoazi, huku mapigo ya moyo yakirudi tena na tena ndani ya muziki. Katikati, okestra inapotulia na kuwa kama watu wanaosali kwa sauti ya chini, ni marimba ya mbao inayobaki ikiimba, kwa upole ambao mwalimu yule hakuamini kwamba fimbo inaweza kuuleta.

Ugumu wa kazi hiyo mara nyingi hautazamwi. Mpiga fidla akishaianza sauti anaweza kuikuza, kuipunguza au kuirekebisha ikiwa bado mkononi mwake. Mpiga ngoma akishapiga, maji yamemwagika. Uzuri wote wa sauti lazima uwe umeamuliwa kabla mkono haujashuka, na pigo hilo hilo moja litue sawasawa na okestra nzima. Mtu anayeweza kulifanya hilo kwa karibu nusu saa, huku akitembea kati ya ala zilizotapakaa jukwaani, hastahili kuitwa msaidizi wa mtu yeyote.

Mwishoni mwa konsheto hiyo ya MacMillan, wanamuziki wa okestra wanaweka chini fidla na tarumbeta zao, wanashika vyuma vidogo na kuanza kuvigonga kwa wepesi. Mpigaji anaondoka mbele, anapita katikati yao hadi nyuma ya jukwaa ziliko kengele kubwa za mirija, anazipiga kwa nguvu zake zote, kisha anaziacha zivume zenyewe mpaka zinyamaze.

Msomaji wenu,
Chamwino, Dodoma