Jibu: Je, mtoto wa kaka amerithi wizi?

Dada, umeuliza kama mtoto wa kaka yako, miaka 15, amerithi wizi wa baba yake, maana tangu aanze kushinda kijiweni hapo Ngarenaro ameshakutwa na simu mbili za watu. Hapana, wizi haumo kwenye damu. Mwanasosholojia wa Marekani, Edwin Sutherland, alilieleza hili mwaka 1939 na kulikamilisha 1947: mtu hujifunza uhalifu kwa watu wake wa karibu.

Anafundishwa mbinu, kama kuchomoa simu kwenye msongamano wa stendi na kumjua mnunuzi asiyeuliza risiti. Ila kibaya zaidi ni visingizio: "mwenyewe ana hela, atanunua nyingine." Kauli hiyo ikimtoka kirahisi, ujue somo limeshakolea.

Angalia anakutana nao mara ngapi, kwa saa ngapi, alianza na umri gani, na pale anamheshimu nani. Hilo la mwisho ndilo wengi wanalikosea: wanamfungia ndani wiki nzima, akitoka anarudi kwa yule yule anayemwita braza. Mtafutie mkubwa mwingine, mfano fundi gereji anayemkubali kweli, awe huko saa zile zile za kijiwe, tuseme saa kumi jioni mpaka saa moja. Na simu zirudishwe, yeye mwenyewe akiwepo.

Akifikishwa polisi, sisitiza asiwekwe sero moja na watu wazima, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda, na omba afisa ustawi wa jamii aitwe mapema.